Sheria za Usalama wa Meli za Biashara na Nafasi ya Kiswahili Katika Utekelezaji Wake

Ikisiri

Sheria za usalama wa meli za biashara huchukuliwa kuwa uwanja wa wanasheria, wahandisi na mabaharia pekee. Makala haya yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya sheria hizo ni suala la mawasiliano: alama inayosomwa ubavuni mwa meli, orodha ya majina ya abiria, na amri inayopaswa kueleweka mara moja. Yanafuatilia chimbuko la kanuni kuu tangu karne ya 19, yanaeleza jinsi zinavyotekelezwa leo, kisha yanazitazama ajali kadhaa za Afrika Mashariki na kuuliza ni kwa lugha gani abiria wa Mtongwe, Ukara au Pemba huelezwa haki yake. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina msamiati na sarufi ya kuzibeba sheria hizi, na kwamba kukiacha nje ni kuupunguza usalama wenyewe.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaliwaza waliofikwa na maafa, kwa maana kwamba lililoandikwa halina budi kuwa. Historia ya sheria za meli, hata hivyo, ni historia ya watu waliokataa liwazo hilo. Walishikilia kwamba chombo kikizama ipo sababu: kilipakiwa kupita kiasi, mlango uliachwa wazi, mashua za kuokolea watu hazikutosha, au amri haikueleweka.

Kwa madhumuni ya makala haya, meli ya biashara ni chombo kinachobeba shehena au abiria kwa malipo. Manowari, vyombo vya uvuvi na vya starehe huwa na kanuni zake tofauti. Feri na vivuko vya abiria vinaingia katika mjadala huu kwa sababu vinafanya kazi ileile ya kuchukua watu kwa nauli, na kwa sababu ndivyo vyombo ambavyo wasemaji wengi wa Kiswahili huvipanda.

Huenda msomaji akauliza: suala hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu limo katika lugha yenyewe. Mkazi wa Kakamega au Machakos ambaye hajawahi kuiona bahari husema kuwa mambo yamekwenda mrama, ilhali mrama asilia ni ule mwendo wa chombo kuyumba ubavu hadi ubavu. Viongozi hushika usukani, mipango hutia nanga, na mataifa hujiandikia dira za maendeleo. Bahari imeitajirisha lugha hii tangu kale. Pamoja na hayo, Sheria ya Meli za Biashara ya Kenya ya mwaka wa 2009 imeandikwa kwa Kiingereza, na mikataba ya kimataifa inayoitegemea haina Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi. Pengo lililopo kati ya utajiri huo na ukimya huu ndilo linalochunguzwa hapa.

2.0 Chimbuko la Sheria: Kila Kanuni na Msiba Wake

Sheria za usalama wa meli hazikutungwa kwa utulivu wa kinadharia. Kanuni nyingi zilizaliwa baada ya watu kufa. Mifano mitatu inatosha kulidhihirisha hili.

2.1 Mstari wa Plimsoll

Katika Uingereza ya karne ya 19, mwenye meli aliweza kuijaza meli yake shehena hadi maji yakakaribia sitaha. Meli ikifika salama alipata faida kubwa. Ikizama, alilipwa na bima. Mabaharia walizipa meli hizo jina la majeneza. Baharia aliyekwisha kutia saini mkataba kisha akakataa kusafiri kwa kuiona meli kuwa mbovu aliweza kufungwa jela.

Samuel Plimsoll, aliyekuwa mbunge wa Derby tangu 1868, alilivalia njuga suala hili. Mwaka wa 1873 alichapisha kitabu kuhusu hali ya mabaharia, na Julai 1875, serikali ilipouweka kando mswada wa usalama wa meli, alipandwa na hasira bungeni hadi akawaita baadhi ya wabunge waovu. Sheria ya 1876 ikaamuru kwamba kila meli ichorwe ubavuni alama ya kuonyesha kiwango ambacho haipaswi kuzama zaidi ya hapo.

Hapa pana funzo muhimu. Sheria ya 1876 ilimtaka mwenye meli aichore alama, lakini ilimwachia yeye mwenyewe uamuzi wa mahali pa kuichora. Hadi Sheria ya 1890 ilipoweka kanuni za kulikokotoa eneo la alama hiyo, mwenye meli aliweza kuipandisha juu kadiri alivyotaka. Kwa mtazamo wa kiisimu, kiashiria kilikuwepo lakini kiashiriwa hakikuwepo. Alama ambayo kila mtu anaipa maana yake haimlindi yeyote.

Siku hizi alama hiyo, iliyosanifishwa na mikataba ya kimataifa ya 1930 na 1966, ni duara lililokatwa na mstari mlalo. Kando yake pana mistari mingine mifupi iliyopangwa kama ngazi, kila mmoja na herufi yake: mmoja wa bahari za tropiki, mmoja wa kiangazi, mmoja wa majira ya baridi, mwingine wa baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, na miwili ya maji yasiyo na chumvi. Sababu ni za kimaumbile. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi zaidi, hivyo meli huzama kidogo zaidi ndani yake. Nako kwenye dhoruba nyingi meli huhitaji ubavu mrefu zaidi juu ya maji.

Wazo la kwamba majira huamua kiasi cha kuthubutu halikuwa geni kwa mabaharia wa Pwani ya Afrika Mashariki. Walisafiri kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Kusi ilipochacha, vyombo vingi vilivutwa pwani, vikakalafatiwa na kupakwa sifa na shahamu, vikangoja demani. Tofauti ni kwamba ujuzi huo ulihifadhiwa vinywani mwa manahodha, ilhali mkataba uliuandika ubavuni mwa meli, mahali ambapo hata asiyekuwa nahodha angeuona.

2.2 Titanic na Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini

Meli ya Titanic ilizama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 ikiwa na watu zaidi ya 2,200. Takribani 1,500 kati yao walikufa. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba kuhusu idadi ya mashua za kuokolea watu, meli hiyo haikuvunja sheria yoyote. Kanuni za Uingereza za wakati huo zilipima mahitaji kwa ukubwa wa meli, na kipimo cha juu kabisa kilikomea kwenye meli za tani 10,000, ambazo zilitakiwa kuwa na mashua 16. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000 na mashua 20, zenye nafasi ya watu 1,178. Ilitimiza sheria na kuipita, na bado zaidi ya watu elfu moja hawakuwa na mahali pa kukaa. Meli zilikuwa zimekua, kanuni ikabaki ilipokuwa.

Matokeo yake yalikuwa mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotiwa saini London mnamo Januari 1914. Vita Vikuu vya Kwanza viliuzuia kuanza kutumika. Ulifuatwa na mikataba ya 1929, 1948, 1960 na hatimaye 1974. Huu wa mwisho, ujulikanao kwa kifupi kama SOLAS, ulianza kutumika tarehe 25 Mei 1980 na ndio unaotumika hadi leo, pamoja na marekebisho yake mengi. Ili kuepuka kosa la 1912, mkataba wa 1974 uliweka utaratibu ambao kwao marekebisho huanza kutumika katika tarehe iliyopangwa isipokuwa idadi maalumu ya nchi ikipinga. Kwa njia hiyo sheria huweza kwenda sambamba na mabadiliko ya vyombo.

2.3 Herald of Free Enterprise na wajibu wa kampuni

Tarehe 6 Machi 1987, feri iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya omo ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha ya magari, feri ikapinduka kwa muda mfupi, na watu 193 wakafa. Baharia aliyepaswa kuifunga milango alikuwa amelala. Nahodha hakuwa na taa wala kifaa cha kumjulisha hali ya milango hiyo. Kwa mazoea, asipoletewa habari ya tatizo alichukulia kuwa mambo yako sawa. Ukimya ulihesabiwa kuwa habari njema.

Uchunguzi haukuishia kwa baharia aliyelala. Uliilaumu kampuni yenye feri kuanzia ngazi za chini hadi za juu. Kutokana na tukio hili na mengine, Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Usalama iliidhinishwa mwaka wa 1993 na kuanza kuwa ya lazima mwaka wa 1998. Kanuni hiyo inaitaka kampuni iandike taratibu zake za usalama, imteue mtu wa nchi kavu anayeweza kuwafikia wakuu wa kampuni moja kwa moja, na iweke kumbukumbu za kasoro na marekebisho.

Mifano hii mitatu inaonyesha mwelekeo mmoja. Sheria ilianza kwa kuuandikia mwili wa meli, ikaendelea kwa kuhesabu nafasi za kuokolea watu, kisha ikaingia ofisini na kudai maandishi. Katika kila hatua, kilichohitajika ni habari sahihi imfikie mtu sahihi kwa wakati.

3.0 Jinsi Sheria Zinavyotekelezwa

Mikataba mikuu husimamiwa na Shirika la Kimataifa la Bahari lenye makao yake London. Mkataba wa kulianzisha ulipitishwa 1948 na kuanza kutumika 1958. Lugha rasmi za shirika hilo ni sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Pamoja na SOLAS, upo mkataba wa kuzuia uchafuzi wa bahari wa 1973 na itifaki yake ya 1978, na mkataba wa viwango vya mafunzo ya mabaharia wa 1978. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo lilipitisha mkataba wa kazi za baharini mwaka wa 2006, ambao ulianza kutumika 2013.

Mikataba hiyo haina polisi wake. Utekelezaji umegawanywa kwa nchi mbili. Ya kwanza ni nchi ya bendera, yaani nchi ambako meli imesajiliwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaitaka nchi hiyo ihakikishe kwamba meli zake zimeundwa, zimetunzwa na zina mabaharia kama ipasavyo. Tatizo ni kwamba wenye meli wengi husajili vyombo vyao katika nchi wasikotoka wala wasikofanyia biashara, kwa ajili ya ada nafuu au usimamizi mwepesi. Ya pili, basi, ni nchi ya bandari. Meli ikitia nanga, wakaguzi wa nchi hiyo wana haki ya kupanda, kusoma vyeti, kukagua vifaa na, wakiona hatari, kuizuia isiondoke. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoshirikiana katika ukaguzi huo chini ya makubaliano ya Bahari ya Hindi yaliyoanza kutumika 1999.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Bahari ilianzishwa 2004 na kupewa sheria yake 2006. Sheria ya Meli za Biashara ya 2009 ilichukua nafasi ya ile ya 1967, na inagusa usajili wa meli, mabaharia, mistari ya shehena, usalama wa safari na uchunguzi wa ajali. Isitoshe, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 2(6), inaufanya mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Hivyo basi, mambo yaliyojadiliwa London yanamhusu kisheria abiria aliyeko Mombasa, hata kama hajawahi kuyasikia.

4.0 Vyombo Vilivyoachwa Nje

Ni muhimu kutambua mipaka ya SOLAS. Kwa jumla mkataba huo unahusu safari za kimataifa. Meli za shehena zilizo chini ya tani 500 hazimo, vyombo visivyoendeshwa kwa injini havimo, na vyombo vya mbao vya muundo wa kale navyo havimo. Kwa maneno mengine, jahazi, mashua na ngalawa zilitolewa nje ya mlango. Vivuko vya ndani ya nchi pia vimeachiwa sheria za kila taifa. Kwa watu wa Pwani, visiwa na maziwa makuu, hapo ndipo penye watu.

Orodha ya misiba inajulikana. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, Mombasa, watu 272 wakafa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na waliokufa wakapita 800. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa takribani 200, lakini waliotajwa baadaye kuwa hawajulikani waliko walizidi 1,000. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa katika chombo kilichoundwa kubeba abiria 100 hivi.

Katika ajali hizi kunajitokeza mara kwa mara mambo mawili ambayo sheria ilikwisha kuyatolea jibu zamani. La kwanza ni upakiaji wa kupita kiasi, ambao mstari wa Plimsoll ulikusudiwa kuuzuia tangu 1876. La pili ni orodha. Mkataba wa kimataifa unataka watu wote wahesabiwe kabla meli ya abiria haijaondoka. Katika MV Bukoba, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tofauti kubwa kati ya idadi ya miili na idadi ya waliopotea katika MV Spice Islander I inatokana na upungufu uohuo. Athari yake haiishii kwenye takwimu. Asiyeandikwa jina hatafutwi kwa jina. Jamaa zake huhangaika kuthibitisha kwamba alisafiri kabla hawajathibitisha kwamba alikufa. Miongoni mwa maandishi yote ambayo sheria ya meli inayadai, pengine orodha ya abiria ndiyo fupi na rahisi kuliko yote, nayo ndiyo iliyokosekana.

Ni kweli kwamba lugha peke yake haiwezi kuzuia ajali. Mfanyakazi wa Mtongwe aliyepaswa kuwa kazini asubuhi aliona kwa macho yake kwamba feri imejaa, hakuhitaji tafsiri. Alihitaji feri ya pili. Umaskini, uhaba wa vyombo na uzembe wa wakaguzi ni sababu ambazo kamusi haiziondoi. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya abiria anayehisi kwamba chombo kimejaa na abiria anayejua kwamba sheria imeweka idadi, kwamba idadi hiyo inaweza kuonyeshwa, na kwamba nahodha anayeizidisha anatenda kosa. Wa kwanza hunung'unika. Wa pili anaweza kudai, kushtaki na kutoa ushahidi. Tofauti hiyo huletwa na maelezo, na maelezo huletwa na lugha.

5.0 Lugha Kama Kifaa cha Usalama

Wazo la kwamba lugha ni kifaa cha usalama sawa na boya au kizimamoto si la wanaisimu pekee. Sheria yenyewe imelikubali, tena baada ya msiba. Aprili 1990 moto ulizuka katika feri ya abiria iitwayo Scandinavian Star iliyokuwa ikitoka Norwe kwenda Denmark. Watu 159 walikufa. Mabaharia wengi walikuwa wageni katika chombo hicho na hawakuwa na lugha moja na abiria, wala wote hawakuelewana wao kwa wao.

Leo sura ya tano ya SOLAS inaitaka kila meli iwe na lugha ya kazi na lugha hiyo iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za meli. Kila baharia sharti aielewe na, inapobidi, aweze kutoa amri na kurejesha taarifa kwayo. Ikiwa lugha hiyo si lugha rasmi ya nchi ya bendera, michoro na orodha zinazobandikwa sharti ziwe na tafsiri yake. Sura ya tatu nayo inataka picha na maagizo ya dharura yawekwe vyumbani mwa abiria na katika vituo vya kukutania kwa lugha zinazofaa. Mwaka wa 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari likaidhinisha mkusanyiko wa kauli sanifu za mawasiliano, zilizotungwa ziwe fupi na zenye maana moja tu. Baada ya Costa Concordia kupinduka Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, baadhi yao wakiwa abiria waliopanda siku hiyo bila kupata zoezi la dharura, kanuni ilibadilishwa ili abiria wapya wapewe zoezi kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka.

Swali la msingi kwa Afrika Mashariki ni hili: je, lugha inayofaa ni ipi? Kikatiba jibu liko wazi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tanzania mnamo 2021 ilibadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kimatumizi jibu liko wazi zaidi, kwani Kiswahili ndicho huunganisha nahodha, baharia, mchuuzi na mwanafunzi waliomo chomboni. Lakini vyombo vingi hununuliwa vikiwa vimekwisha kutumika kwingine. MV Spice Islander I iliundwa Ugiriki. MV Skagit iliundwa Marekani na kutumika katika jimbo la Washington. Chombo kama hicho kinapobadilisha bendera, maandishi ya ukutani yanapaswa kubadilishwa pia.

Ishara ya dharura inatoa mfano mzuri. Kimataifa, ni mlio mfupi mara saba au zaidi ukifuatwa na mlio mmoja mrefu. Kwa aliyeelezwa, huo ni wito wa kwenda kituo cha kukutania. Kwa ambaye hakuelezwa, ni honi tu.

6.0 Utajiri wa Istilahi na Kasoro Zake

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuibeba sheria ya meli. Dai hili halina mashiko. Muundo wa chombo una mkuku, mataruma, omo, tezi na mlingoti. Ngama ni sehemu ya chini ambako maji yaliyovuja hukusanyika. Farumi ni uzito, aghalabu mawe au mchanga, unaowekwa chini ili chombo kisicho na mzigo kisiyumbe. Dhana ya urari wa meli, ambayo sheria huitungia hesabu ndefu, ilikuwemo katika neno hilo. Bildi hupima kina. Kutosa ni kuitupa shehena baharini ili kukiokoa chombo. Upande wa watu wamo nahodha, serahangi, rubani na baharia. Rubani alikuwa mwongoza meli kabla ndege hazijambeba angani.

Zipo, hata hivyo, dhana za kisheria zinazohitaji kuundiwa au kusanifishiwa maneno. Hali ya chombo kuwa tayari kukabili hatari za kawaida za safari yake inaweza kuitwa ustahilifu wa safari. Sehemu ya ubavu iliyo juu ya maji inaweza kuitwa kimo cha ubavu. Mstari wa shehena, nchi ya bendera na nchi ya bandari ni istilahi zinazojieleza na zimetumiwa katika makala haya bila shida.

Kasoro kubwa zaidi si uhaba bali utata. Neno boya hutumiwa kwa kielezo kinachoelea baharini, kwa duara la kumtupia anayezama, na kwa vazi linalofungwa kifuani. Amri ya kuchukua maboya inaweza kumfanya abiria atazame ukutani ilhali kinachotakiwa kiko chini ya kiti chake. Neno jaketi okozi linaondoa utata huo na linafaa kupendelewa. Vivyo hivyo, chombo kiitwacho feri nchini Kenya huitwa kivuko au pantoni nchini Tanzania, na kivuko ni pia mahali pa kuvukia. Katika mazungumzo tofauti hizi ni pambo. Katika sheria na katika dharura ni hatari.

Aidha, mtindo wa tafsiri unahitaji kuangaliwa. Tangazo linaweza kuandikwa hivi: "Abiria wanaarifiwa kwamba uvaaji wa jaketi okozi utafanywa kwa kuzingatia maelekezo yatakayotolewa." Sarufi yake ni sahihi, lakini halifai kusomwa chomboni kinapoinama. Kiswahili kina njia bora zaidi: "Vaeni jaketi. Kazeni mikanda. Tulieni mlipo." Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, kauli ya kuamuru na ukanushi. Msiruke ni neno moja. Msihamie upande mmoja ni kauli inayotimia kwa pumzi moja. Kwa hakika sarufi hii inakidhi sifa zilezile za ufupi na maana moja ambazo mkusanyiko wa 2001 ulizitafuta.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sheria za usalama wa meli za biashara zilijengwa juu ya misiba, na kwamba uti wa mgongo wake ni alama, orodha na amri. Yote matatu ni matini, na matini isiyosomwa au isiyosikika haifanyi kazi. Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, Sheria ya Meli za Biashara ya 2009 na kanuni zake zitafsiriwe kwa Kiswahili, na sehemu zinazomhusu abiria zitolewe katika muhtasari wa lugha nyepesi. Pili, idara za Kiswahili vyuoni zishirikiane na mamlaka za bahari, mabaraza ya Kiswahili ya Tanzania Bara na Zanzibar, na manahodha wazee wa Lamu, Pate, Mombasa na Vanga ili kukusanya na kusanifisha istilahi kabla wenye kuzijua hawajatutoka. Tatu, kila feri ibandikwe kwa Kiswahili idadi ya juu ya abiria, maana ya mstari wa shehena, mahali pa jaketi okozi na maana ya milio ya dharura. Nne, wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada waugeukie uwanja huu, kwa kuwa tafiti za lugha ya bahari zimeelemea ushairi na methali na kuziacha sheria.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji bajeti kubwa wala mkataba mpya. Ni abiria kufundishwa kuutazama ubavu wa chombo kabla ya kupanda, na kuujua mstari ambao hautakiwi kufunikwa na maji. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kulijua hilo kwa somo moja, akifundishwa kwa lugha yake.